Robo ya Tano

Huku kwetu Delta, jirani na Arkansas, hakuna anayekwenda uwanjani Ijumaa kwa ajili ya mpira. Mpira wenyewe, ule wa kukumbatiwa kifuani na kukimbia nao, una robo nne, na kwa miaka yote niliyoishi Harlow Bend timu yetu imekuwa ikipigwa katika zote nne. Sisi tunakwenda kwa robo ya tano. Filimbi ya mwisho ikishalia na wachezaji wakatoka na matope yao, hapo ndipo bendi ya shule yetu na bendi ya shule yao zinapogeukiana, moja upande huu wa uwanja na nyingine upande ule, zikaanza kutukanana kwa tarumbeta. Hata mchungaji haondoki. Ukimwona mtu anaelekea kwenye gari lake saa hiyo, jua ni mgeni, au ana mgonjwa nyumbani.

Nawaambieni haya mapema ili muelewe kwa nini Verlene Pettway alikuwa tayari kumrarua mtu kwa sababu ya robo ya tano moja tu ya mwezi wa Oktoba.

Verlene ni shoga yangu tangu tuna meno ya utotoni. Anatengeneza nywele sebuleni kwake, na mji mzima unapita kwenye kile kiti chake. Mimi nywele zangu siku hizi ni za kuhesabu, lakini kila Ijumaa niko pale dirishani, nakunywa chai yake ya baridi na kutia maneno nisiyoulizwa. Mumewe, Cleavon, ni dereva wa malori ya masafa. Wiki tatu yuko barabarani, wiki moja yuko kwenye kochi. Wana mtoto mmoja tu, Tavaris, na Tavaris anapiga tromboni, ile tarumbeta ndefu ya kuvuta na kusukuma, tangu ana miaka kumi.

Sasa, Mungu akitaka kukupa mtihani anakupa wifi. Akitaka kukukomoa, anamjengea huyo wifi nyumba ng'ambo ya barabara yenu. Jonetta ni dada yake Cleavon. Verlene akinunua pazia, Jonetta ananunua mapazia. Jonetta akivaa kofia ya manyoya kanisani, Jumapili ijayo Verlene anakuja na kofia ambayo walioketi nyuma yake hawamwoni mhubiri. Walizaa mwaka mmoja, na tangu siku hiyo mashindano yakahamia kwa watoto. Nani kaota jino, nani kaanza kutembea, nani kasoma Zaburi bila kukwama.

Lakini katika muziki Verlene hakuwa na mpinzani, na alijua. Jonetta alikuwa na binti, Kiandra, mtoto mpole, mabega mapana ya kina Pettway, na hakuna aliyemtarajia kwenye bendi. Kisha miaka miwili iliyopita kijana aliyekuwa akibeba tuba alimaliza shule, lile bomba kubwa linalomzunguka mtu mwili mzima likabaki ukutani bila mwenyewe. Mwalimu akauliza nani analiweza. Kiandra akalinyanyua kwa mkono mmoja. Alilipuliza, likaitika. Haukupita mwaka, watu wakitoka uwanjani wakawa wanasema, "Umemsikia mtoto wa Jonetta?"

Jambo hilo lilimwuma Verlene, likamwuma kwelikweli.

"Miaka saba mwanangu anapuliza, majirani hawalali," aliniambia, kitana cha moto mkononi. "Yule kashika lake juzi, leo mji mzima unampigia makofi. Ozella, hiyo ni haki?"

"Mtoto anajua, shoga."

"Kwani nimesema hajui? Ana mapafu, basi. Hata ng'ombe ana mapafu."

"Ng'ombe hajapiga tuba hapa mjini."

"Kunywa chai yako, Ozella."

Hicho kinaitwa kijiba cha roho, na mimi nilimwambia hivyo hivyo usoni. Akaniambia wivu ni wa watu wasio na kitu. Haya.

Julai tukawa na siku ya ukoo wa kina Pettway. Mimi si wa ukoo lakini wananishonea fulana kama wao. Mwaka huu zilikuwa za zambarau, majina ya marehemu wote mgongoni. Moshi wa mbavu umejaa bustani ya kanisa, wazee wanagonga dhumna, na bakuli la saladi ya viazi liko katikati ya meza bila kuguswa, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayekula saladi ya viazi kabla hajauliza nani kaitengeneza. Alikuwa kaitengeneza Jonetta. Alitia vipande vya tufaha.

Tavaris na Kiandra walifika siku hiyo hiyo, wametoka kwenye kambi ya bendi. Kila kiangazi chuo chetu, chuo cha Weusi kilicho mwendo wa saa mbili kutoka hapa, kinawaita vijana wa sekondari wapigie pamoja kwa wiki nzima, na mkuu wa bendi pale, Mwalimu Broadnax, anazunguka kati yao anasikiliza. Bendi ya chuo hicho inajulikana mpaka kwa watu wasiokijua chuo chenyewe.

Tavaris alikuja moja kwa moja kwa mama yake, begi bado begani. Akambusu shavuni. "Mama, njoo hapa kando kidogo. Nina neno."

"Subiri, mwanangu, nigeuze mbavu hizi."

Akasubiri. Nakumbuka alikuwa anatabasamu na kuuma mdomo ili asitabasamu. Mbavu hazijageuzwa, mara Jonetta akagonga jagi kwa kijiko.

"Jamani! Jamani, ukoo! Nisikilizeni! Sitaki kujisifu..."

"Uwongo wa kwanza huo," Verlene akasema.

"...lakini Mwalimu Broadnax mwenyewe, kwa mdomo wake, kamwuliza Kiandra wangu kama ameshafikiria kwenda chuoni kwake! Kamwuliza! Mbele za watu!"

Watu wakapiga makofi. Shangazi mmoja akaanza kulia kwa furaha, na huyo hulia hata kwenye tangazo la sabuni. Kiandra akajificha nyuma ya mti. Verlene akaweka chini koleo la mbavu. Nilimwona shingo inavyotuna, nikajua leo tunalo.

"Hongera, wifi," akasema, kwa sauti ya kufika barabarani. "Hongera sana. Kila mtoto na bahati yake. Wangu mimi hachukuliwi kwa mashavu. Tavaris anakwenda chuo kikubwa cha jimbo, asome uhandisi, ajenge madaraja. Miaka minne ya kukimbia uwanjani na kofia ya manyoya, halafu? Utamwambia bosi akupe kazi kwa sababu unajua kupuliza? Chuo cha matarumbeta si cha mtoto mwenye akili. Mtu aje aniambie mwanangu aende pale, nitamfukuza kwa hili koleo!"

Tulicheka. Walicheka hata kina Pettway wenyewe, na mimi nilicheka kuliko wote, nikagonga meza mpaka saladi ikaruka. Jonetta akabinua midomo. "Sizitaki mbichi hizi," akasema. "Na mwenye wivu ajinyonge." Tukacheka tena.

Baadaye kidogo Verlene akamkumbuka mwanawe. "Haya, Tavaris, ulikuwa unasemaje?"

"Nimesahau, Mama," akasema, akaenda kukaa na wazee kwenye dhumna. Mtoto wa miaka kumi na saba amesahau jambo, nani angeshangaa?

Halafu Septemba ikaja na mambo yake. Mwalimu wa ushauri pale sekondari alimwita Verlene akamweleza pole pole, kama mtu anayetoa bandeji. Chuo kikubwa cha jimbo hata kikimchukua Tavaris, ufadhili watakaompa hautafika nusu ya gharama. Mtoto wa dereva wa lori na msusi atabeba mwenyewe iliyobaki. Kisha yule mwalimu akamwuliza kwa nini hafikirii chuo chetu, kwani nafasi ya bendi kule inalipa ada, chumba, chakula, vitabu, mpaka suruali ya kupigia. Na si kwamba hawasomeshi uhandisi. Vyuo vyetu vilikuwa vinatoa wahandisi wakati vile vingine bado vinatufungia mlango.

Verlene alirudi nyumbani akahesabu pesa za nywele mara mbili. Verlene akihesabu, mimi naogopa.

Jibu likaja Oktoba, kwa njia ya kanisa kama habari zote. Mwalimu Broadnax alikuwa ameshagawa nafasi zake zote za mwaka ujao isipokuwa moja, na hiyo moja ni ya tarumbeta za sauti nzito, maana yake tromboni au tuba, basi. Na atakuja Ijumaa, mechi yetu na Larkin, akae jukwaani asikilize robo ya tano. Yeye hapendi kumsikiliza mtoto chumbani. Anasema chumbani kila mtoto ni malaika.

"Hiyo ni ya mwanangu," Verlene akasema.

"Si kile chuo cha matarumbeta?" nikamwuliza.

"Ozella!"

"Nauliza tu. Na koleo umeliweka wapi?"

"Usinichokoze, Ozella, nitakuchoma sikio." Na kweli kitana cha moto kilikuwa karibu na sikio la mteja, mteja akainama. "Nilisema vile kwa sababu ya yule mwanamke. Kila mtu alijua nasema kwa sababu ya yule mwanamke. Lakini nikilala nikiamka nimwone Kiandra anapanda gari na masanduku, na mama yake kasimama barazani ananipungia mkono, na wangu yuko kwenye kiwanda cha kambare anapasua matumbo ya samaki, haki ya Mungu nitakufa. Nitakufa, Ozella. Sitaki tu Tavaris aende. Nataka Jonetta amwone anakwenda."

Alilisema wazi hivyo, na yule mteja chini ya kitana akasema "amina" kwa kuogopa.

Aliyenishangaza mimi ni Tavaris. Aliingia jikoni kutafuta mkate wa mahindi, mama yake akamvaa hapo hapo: fanya mazoezi, lala mapema, usinywe vitu vya baridi.

"Mama, usijisumbue na Mwalimu Broadnax."

"Nisijisumbue?"

"Mwache Kiandra aipate. Inamfaa."

"Inamfaa! Inamfaa, anasema! Ozella, umemsikia? Wewe umelogwa? Wale watu wa ng'ambo wamekulisha nini?"

"Hawajanilisha kitu." Akataka kuendelea, akafungua mdomo, akamwangalia mama yake vile alivyosimama na mikono kiunoni. "Basi, Mama. Nitapiga." Akachukua mkate wake akatoka.

Ijumaa yenyewe, saa nane mchana, nani anaingia? Jonetta, na Kiandra nyuma yake, nywele zimefumuliwa. Ugomvi ni ugomvi, lakini msusi ni mmoja mjini, na kofia ya bendi haikai juu ya nywele zilizosimama.

"Wifi yangu mpenzi," Jonetta akasema, "mtengenezee mwanao. Leo anaangaliwa na watu wakubwa."

"Kaa, mwanangu," Verlene akamwambia Kiandra, kwa upole kabisa, na mimi upole ule sikuupenda.

Akaanza kusuka. Mistari mizuri, imenyooka; mkono wake haujawahi kukosea. Jonetta hakukaa kimya hata kidogo. Atamnunulia Kiandra shuka za rangi gani. Chumba kitatazama upande gani. Eti wamama wa wanabendi kule wana fulana zao maalumu, yeye ameshauliza saizi. Verlene anaitikia, "Mm. Mm-hm. Vizuri." Vidole vinakwenda.

"Anti," Kiandra akasema, ili kupatanisha, maskini, ana roho hiyo, "Tavaris ndiye kanifundisha ile sehemu ya katikati. Kila jioni nyuma ya ukumbi. Bila yeye nisingeiweza."

Niliuona mkono wa Verlene ukisimama. Kisha ukavuta. Akavuta mstari ule, na uliofuata, mpaka nyusi za mtoto zikapanda.

"Anti, inauma kidogo."

"Urembo una gharama yake, mwanangu."

"Verlene," nikasema. "Mkono."

"Mkono una nini?"

"Umekaza."

"Kofia lazima ikae," akasema, wala hakunitazama. Jonetta alikuwa anaangalia picha za shuka kwenye simu yake. Kiandra machozi yalikuwa yanamlengalenga, akayameza, akasema asante mwishoni, kama alivyolelewa. Nilitaka kusema zaidi. Nikanywa chai.

Usiku ule tulipigwa na Larkin pointi ambazo sikuzihesabu. Filimbi ya mwisho ikalia, watu wakasimama, wakajinyoosha, wakaenda kununua kambare wa kukaanga, wakarudi mbio kukaa. Mwalimu Broadnax alikuwa amekaa safu ya tatu, mzee mnene mwenye suti ya kahawia, hali kitu, haongei na mtu. Verlene alikuwa amechagua kiti mahali ambapo anamwona yeye na anamwona Jonetta kwa wakati mmoja.

Larkin wakaanza. Walikuja na ngoma nyingi na makeke mengi, na mwisho wakatupigia wimbo wa mazishi, wakitufahamisha kwamba tumekufa. Watu wetu wakapiga ukelele wa hasira. Mwalimu wetu wa bendi akainua mkono, na hakuita bendi yote. Akaita sauti nzito peke yake.

Tromboni sita na tuba tatu zikasogea mbele. Kiandra akaanza chini, chini kabisa, ile sauti unayoisikia kwanza kwenye mbao za jukwaa ndipo uisikie masikioni. Hakuna maneno, tuba inatembea tu, inakuja, inakuja. Halafu Tavaris akaingia juu yake. Jamani. Nimemsikia yule mtoto tangu anatoa sauti za bata, lakini sikuwahi kumsikia hivyo. Aliuchukua ule wimbo wa mazishi wa Larkin, akaugeuza, akawarudishia ukiwa wa harusi. Yeye anauliza, Kiandra anajibu. Yeye anatania, Kiandra anamkemea. Watoto waliofundishana nyuma ya ukumbi, unasikia wazi kwamba mmoja anajua mwenziwe atapumua wapi.

"Huyo! Huyo wangu!" Verlene alikuwa amesimama juu ya kiti. "Jonetta! Umesikia? Puliza hiyo kama unaweza!"

"Nani anamshikilia huyo wako?" Jonetta akajibu kutoka safu zake. "Toa tuba hapo chini uone kama hajaanguka!"

"Toa wewe!"

"Kaeni chini, tunasikiliza!" watu wakapiga kelele.

Zilipomaliza, Larkin wenyewe walivua kofia. Hiyo haitokei mara nyingi. Na Mwalimu Broadnax akainuka, akashuka ngazi taratibu kwa magoti yake ya uzee, akaenda mpaka kwenye uzio ambapo watoto walikuwa wanapumua. Verlene alinishika kiwiko. Kucha ziliingia. "Anakwenda, Ozella. Anakwenda kwake."

Mwalimu Broadnax akampita Tavaris, akamgusa bega tu. Akampa Kiandra mkono. Akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akasema maneno, na Kiandra akaziba mdomo, na Jonetta akapiga yowe lililosikika Arkansas.

Mimi nilijaribu kumzuia. Mungu shahidi. Lakini kumzuia Verlene ni kuzuia treni kwa ufagio. Alizishuka zile ngazi na viatu vyake vya kanisani, nami nyuma yake nahema, watu wakajitenga.

"Bwana!" akasema. "Wewe mzee! Una masikio wewe?"

"Mama, acha," Tavaris akasema.

"Nyamaza. Namwuliza yeye. Masikio unayo, au umekuja na pambo? Umemsikia huyu mtoto? Wamesikia Larkin, mpaka wamevua kofia! Wewe umesikia nini? Au kuna mtu kakuletea saladi ya viazi?"

Mzee akavua kofia yake. Alikuwa mtu wa adabu. "Wewe ndiye mama yake Tavaris?"

"Ndiye mimi."

"Basi mama, masikio ninayo. Ndiyo maana nilimtaka yeye wa kwanza, kabla ya mtoto mwingine yeyote wa mwaka huu." Alisema polepole, kwa kuwa aliona hakueleweka. "Julai, siku ya mwisho ya kambi. Nilimwambia nafasi ni yake, kila kitu kimelipwa, anipe jibu tu. Akaniambia anakwenda kukuuliza wewe, maana leo mko pamoja ukoo mzima, atakufurahisha mbele ya watu. Jioni akanipigia simu akasema hapana."

"Hapana?"

"Akasema mama yake hakitaki chuo hicho. Nikamwambia nipe nizungumze naye mimi. Akasema haina maana, mama ameshalisema mbele ya watu, na mama akishasema mbele ya watu harudi nyuma." Mzee akageuza kofia mkononi. "Niliiweka nafasi ile miezi mitatu, mama, nikidhani mtabadili mawazo. Juzijuzi nilimpigia mara ya mwisho. Yeye ndiye aliyeniambia nije nimsikilize binamu yake. Sasa nimeshaahidi, na sina nyingine."

Nilimtazama Verlene, nikatamani niwe mahali pengine. Niliuona ule moshi wa mbavu, nikamwona Tavaris na begi begani anauma mdomo ili asitabasamu, na nikajisikia mimi mwenyewe nikigonga meza kwa kicheko. Yule mtoto alikuwa amesimama nyuma yetu wakati ule. Alitusikia wote tukicheka.

Jonetta alikuwa amefika, anahema, na amesikia kila neno. Nikasema moyoni, haya sasa, Mungu tusaidie. Miaka kumi na saba amekuwa akisubiri kitu kama hiki.

"Sema," Verlene akamwambia. Sauti ilikuwa imekauka. "Sema, wifi, usije ukapasuka."

Jonetta akafungua mdomo, akaufunga. "Sina la kusema, wifi," akasema, akatazama chini.

Hilo ndilo lililomvunja Verlene. Angetukanwa angesimama.

Kiandra akavua kofia ya bendi ili amkumbatie mama yake, na taa za uwanja zikampiga kichwani. Vipele vidogo vilikuwa vimetutumka mstari mzima wa paji la uso, ngozi imevutwa mpaka inang'aa. Saa zote zile alikuwa amepuliza hivyo, na kofia juu. Verlene aliviona. Akanyoosha mkono, nikafikiri atampiga, akamgusa tu pembeni ya nywele kwa ncha ya kidole.

"Zimekaza," akasema.

"Kidogo, Anti."

"Njoo kesho asubuhi nikufumue. Nikusuke upya. Na siku unapokwenda chuoni pia, uje, nikusuke za kukaa mpaka Krismasi."

"Ndiyo, Anti. Asante."

Upande wa pili Larkin walikuwa wameanza tena kupiga, wanataka kujibiwa. Mwalimu wetu alikuwa anaita watoto warudi kwenye mstari. Tavaris hakwenda. Alikuwa amekaa kwenye ubao wa chini anaifuta tromboni yake kwa kitambaa, sehemu ile ile, mara nyingi.

Verlene akaenda akasimama mbele yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja kukwambia, Mama," akasema, bila hasira hata chembe. "Ulisema nisubiri ugeuze mbavu."

Verlene akainama, akaichukua ile tromboni mikononi mwa mwanawe, akaitia kwenye sanduku lake, akalibana vifungo, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari.